Nani rapa mkali wa wakati wote? Namna ya kuupima ubishi usioisha

Ubishi wa nani rapa mkali kuliko wote haufiki mwisho kwa sababu wanaobishana hawajibu swali moja. Mmoja akisema Professor Jay, ana maana ya mtu aliyewafanya wazazi waache kuzima redio hip hop ikianza. Mwenzake akisema Fid Q, anazungumzia kalamu. Wa tatu anamtaja Albert Mangwair kwa ajili ya fristaili, yaani kuchana papo hapo bila kuandika, na wa nne, mtu wa Nairobi, anashangaa imekuwaje nusu saa imekatika bila Kalamashaka wala Khaligraph Jones kutajwa. Kila mmoja ana hoja, ila kila hoja ina shabaha yake. Sauti zinapanda, majina yanarudi yale yale, na anayeshinda ni mwenye pumzi.

Hapa tunazungumzia rap ya Kiswahili, kwa kuwa ndiyo ambayo vipimo vilivyoazimwa Marekani huipima vibaya. Lakini mgawanyiko wenyewe ulianzia huko, na mapema. Desemba 1981, kwenye ukumbi wa Harlem World jijini New York, Busy Bee Starski alikuwa bingwa wa kuchangamsha watu: anaita, ukumbi unaitikia. Kool Moe Dee akapanda na mistari iliyopangwa, akamchambua mwenzake mbele ya umati uleule, na kuanzia hapo uandishi ukawa kipimo kinachosimama peke yake. Hata hivyo kipimo cha kwanza hakikufa. Rapa anayeushika umati wa uwanja mzima kwa dakika 40 ana kipaji ambacho mwandishi hodari anaweza kukikosa kabisa. Kwa hiyo miaka zaidi ya 40 sasa watu wanatumia jina moja, mkali, kwa vipaji viwili tofauti, na baadaye vikaongezeka vingine viwili.

Maswali manne, na uzito wa kila moja

La kwanza ni uandishi: mistari inasema nini, na imefumwaje. La pili ni uchanaji: flo (namna maneno yanavyotiririka juu ya mdundo), pumzi, matamshi, na kama mtu anaweza kuchana vesi nzima jukwaani bila sauti iliyorekodiwa kumbeba. La tatu ni kazi kwa jumla, yaani albamu, kolabo, na kama ubora ulidumu au uliishia kwenye nyimbo mbili za mwaka mmoja. La nne ni athari: baada yake, wengine walianza kufanya nini ambacho hawakuwa wakikifanya?

Kabla jina lolote halijatajwa, wanaobishana wakubaliane uzito wa kila swali. Mgawanyo ninaoutetea kwa alama 100 ni uandishi 35, uchanaji 20, kazi kwa jumla 25, athari 20. Uandishi unaongoza kwa sababu rap ni sanaa ya maneno, lakini haufiki nusu, kwa sababu vesi iliyoandikwa vizuri na kuchanwa vibaya hubaki kwenye daftari.

Uzito huo si jambo dogo. Chukua marapa wawili wa kufikirika. Wa kwanza ana 9 kati ya 10 kwenye uandishi, 7 kwenye uchanaji, 6 kwenye kazi kwa jumla na 5 kwenye athari. Wa pili ana 7, 8, 8 na 9 kwa mpangilio huohuo. Kwa mgawanyo wangu, wa kwanza anapata 70.5 na wa pili 78.5. Sasa ongeza uandishi hadi 60, shusha uchanaji na kazi kwa jumla hadi 15 kila kimoja, athari ibaki 10: wa kwanza anapanda hadi 78.5 na wa pili anashuka hadi 75. Hakuna aliyebadilisha wimbo hata mmoja, na bingwa amebadilika. Watu wengi wanaodhani wanabishana kuhusu Fid Q na Professor Jay kwa kweli wanabishana kuhusu hizo namba 35 na 60, ila hawajazitaja.

Kina cha bei rahisi na kina cha jasho

Kwenye uandishi ndiko masikio hudanganywa zaidi, na sababu iko ndani ya Kiswahili chenyewe. Karibu kila neno letu huishia na irabu, na vitenzi vingi huishia na "a". Kupata kina, basi, si kazi. Nyambua vitenzi vitatu kwa "-ana" (pendana, onana, salimiana) na tayari una mistari mitatu inayofanana mwisho bila kufikiri. Mapatano, mashindano na makubaliano ni hivyohivyo: kinachofanana ni kiambishi, siyo mawazo. Rapa anaweza kujaza vesi nzima kwa njia hii na msikilizaji asiyesikiliza kwa makini akasema jamaa ana vina hatari.

Daraja la juu yake ni pale mizizi yenyewe inapofanana: taabu, kitabu, jawabu. Hapo mwandishi amelazimika kutafuta neno lenye maana yake na kulifikisha mahali pake bila kuvunja sentensi. Juu zaidi ni kina kinachovuka mpaka wa neno. Tazama mistari hii ya mfano:

Tuliandika kwa wino, wakavunja mapatano,
wananidai elfu kumi, mfukoni sina hata tano.

"Mapatano" na "hata tano" vinalingana irabu nne mfululizo, a-a-a-o, na mkazo unaangukia palepale, kwenye "ta". Ukiendelea na "haya mambo", irabu nne zimebaki, konsonanti zimelegea, sikio bado linaridhika. Huu ndio ufundi unaopaswa kulipwa alama. Anayehesabu vina bila kutofautisha madaraja haya atampa mtu wa "pendana, onana" alama sawa na mtu aliyekesha.

Jambo la pili ni mahali kina kinapokaa. Mshororo wa shairi la kawaida la Kiswahili una mizani 16, ikigawanyika 8 kwa 8, kina cha kati na kina cha mwisho. Mstari wa rap juu ya biti ya mapigo manne nao una nafasi 16, ukigawa kila pigo mara nne. Ndiyo maana msikilizaji aliyekulia kwenye mashairi ya redioni na magazetini husubiri kitu kitokee katikati ya mstari, hata kama hajui kwamba anasubiri. Fid Q aliliweka dai hili wazi mwaka 2004 alipoiita albamu yake Vina Mwanzo, Kati na Mwisho. Ni ahadi nzito kuiweka kwenye jalada, na sehemu kubwa ya hoja ya mashabiki wake inasimama hapo: kwamba anaufuma mstari wote, siyo mkia wake tu.

Halafu kuna kutupiana madongo. Wengi huona bifu kama mali ya Wamarekani, ilhali waswahili wa pwani walikuwa wakijibizana kwa tungo karne mbili zilizopita. Muyaka bin Haji wa Mombasa aliitetea Mombasa kwa mashairi, na kutoka Lamu Bwana Zahidi Mngumi akajibu kwa mashairi. Kanuni waliyoifuata bado ni kipimo kizuri: anayejibu huchukua hoja ya mwenzake, hata picha aliyoitumia, na kumgeuzia. Oktoba 2023, Khaligraph Jones alipowachokoza marapa wa Tanzania, majibu yalianza kumiminika ndani ya muda mfupi, Rosa Ree akiwa miongoni mwa waliojibu. Mitandaoni hesabu ilikuwa ya nani kajibu haraka na nani katukana zaidi. Kipimo cha maana kilikuwa kingine: nani kachukua mstari wa Khaligraph, akauvunja kwa mantiki yake mwenyewe.

Mkazo, kasi, na kwa nini Dar na Nairobi hazipimwi kwa rula moja

Mkazo wa neno la Kiswahili, isipokuwa maneno machache ya kuazima, hukaa silabi ya pili kutoka mwisho. Tunasema ni-li-KU-ja. Kwenye biti, mapigo mazito ni la pili na la nne. Rapa akikopa flo ya Kiingereza na kumwaga maneno yake ndani bila kuyapima, pigo zito litaangukia "li" badala ya "ku", na utasikia kitu kama mgeni anayesoma Kiswahili kwa kukisia. Vesi ya namna hiyo inaweza kuwa na maudhui mazuri na bado ikachosha sikio. Ukitaka kuisikia kasoro hii, zima biti, piga meza kwa mkono, na soma mistari kwa sauti ya kawaida ya mazungumzo. Kama mkazo wa mazungumzo na pigo la mkono vinakutana, rapa anajua kazi yake. Kama unalazimika kulipinda neno ili litoshe, ameazima mavazi ya mtu.

Urefu wa maneno ni mtego mwingine. "Walivyotusimulia" ni silabi nane, nusu ya mstari imekwisha na kitenzi ni kimoja. Mwandishi wa Kiswahili ana nafasi chache kuliko wa Kiingereza, hivyo hulipwa kwa uteuzi. Hapa ndipo Sheng inapoipa Nairobi silaha ambayo Dar haina. Kijana wa Dar husema "demu", silabi mbili, irabu mwisho. Wa Nairobi husema "dem", silabi moja, mdomo unafunga. Maneno kama "dem", "mat" na "jam" huruhusu mstari kuishia kwa kishindo, mkazo ukiwa kwenye silabi ya mwisho kabisa, jambo ambalo Kiswahili cha kawaida hakikupi. Ndiyo sababu uchanaji wa Eastlands unasikika mkavu na wa kukatakata, na wa Dar na Arusha unatiririka. Kusema mmoja ana flo kuliko mwingine bila kuangalia ghala la maneno aliyonayo ni kuwaonea wote wawili.

Kasi nayo ihesabiwe, isisifiwe tu. Vesi ya mistari 16 kwenye biti ya mapigo 90 kwa dakika inachukua sekunde 43 hivi. Mstari mmoja ni sekunde 2.7, rapa akiweka silabi 12 ndani yake anatoa silabi nne na nusu kwa sekunde, na kila neno linasikika. Kwenye biti ya mapigo 140, kama zile za drill, vesi hiyohiyo inaisha kwa sekunde 27. Ukijaza nafasi zote 16 za mstari hapo, unatoa silabi zaidi ya tisa kwa sekunde. Ulimi unaweza. Sikio la Kiswahili ndilo linaloachwa nyuma, kwa sababu viambishi vyote vya kitenzi (nani, lini, nani katendewa) viko kwenye silabi fupi zinazomezwa kwanza. Kasi inastahili alama pale tu mtu anayeisikia vesi kwa mara ya kwanza anapoweza kusimulia imesema nini.

Jinsi ya kufanya kipimo chenyewe

Chagueni vesi sita kwa kila rapa: mbili za mwanzo wa safari yake, mbili za kilele, mbili za baadaye. Angalau moja iwe ya kolabo, ambapo amechana biti moja na wenzake, maana hapo prodyuza hawezi kuwa kisingizio. Nne achague shabiki wake, mbili achague mpinzani. Sharti hili la mwisho ni la lazima. Bila hilo kila mtu ataleta vesi bora za mtu wake, na utalinganisha vilele bila kuona mabonde.

Andikeni kila vesi kwa mkono kwa kuisikiliza. Msichukue maandishi ya mtandaoni: mengi yamekatwa mistari mahali pasipo, na maneno ya mtaa yamebadilishwa na mwandikaji asiyeyajua. Mstari unaisha pigo la nne linapoisha, siyo pale rapa anapovuta pumzi. Vesi moja huchukua dakika 15 hadi 20 kwa mtu asiyezoea. Kisha pigieni mstari vina vyote, na zungushieni vile vinavyotokana na kiambishi tu. Mara nyingi vesi iliyokuwa inaonekana nzito hubaki na vina vitatu au vinne vya kweli.

Someni kwa sauti bila muziki, ndipo msikilize rekodi. Mpangilio huu unaondoa udanganyifu wa biti na kiitikio. Nyimbo nyingi za Bongo zinazotajwa kama ushahidi wa ukali wa rapa fulani zilibebwa na kiitikio kilichoimbwa na mtu mwingine, au na mkono wa watayarishaji kama P-Funk Majani au Master J studio. Hao wanastahili sifa yao, ila siyo ndani ya alama za rapa.

Kila mtu aandike alama zake kimya, zifunuliwe kwa pamoja. Mwenye sauti kubwa akianza kusema namba yake, wengine huisogelea bila kujua.

Kuna makosa mawili ya kiufundi yanayoharibu kipimo hata kikifanywa kwa nia njema. Rekodi nyingi za miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000 zimefika mtandaoni kutoka kwenye kanda, na mashine ya kanda inayozunguka haraka kidogo hupandisha sauti na kasi kwa pamoja. Flo inaonekana ya kasi kuliko ilivyokuwa. Tafuteni nakala mbili za wimbo mmoja, mlinganishe urefu. Kosa la pili ni matoleo ya redio yaliyokatwa maneno, hivyo kwamba panchi iliyofuata, yaani mstari wa kupigilia hoja, haieleweki. Rapa anahukumiwa kwa tundu ambalo hakulichimba.

Na mleteni mtu mmoja aliyezaliwa baada ya 2000. Nyimbo tulizozisikia shuleni zina nguvu isiyotokana na mistari, na asiyekuwa na kumbukumbu hizo atawaambia kwa nusu dakika kitu ambacho nyinyi mmekifumbia macho miaka yote.

Ushahidi usiofaa

Idadi ya watazamaji ndiyo inayotajwa sana na inayofaa kidogo. YouTube ilianza 2005. Sugu alikuwa ameshatoa Ni Mimi tangu 1995, Hard Blasters walitoa Funga Kazi mwaka 2000, na E-Sir wa Nairobi alikuwa ameshafariki kwa ajali ya gari tarehe 16 Machi 2003 akiwa na miaka 21. Video zao zilizopo ziliwekwa baadaye, mara nyingi na watu wasiohusika, zikiwa zimetawanyika kwenye akaunti nyingi. Kuwalinganisha watu hao na rapa wa leo kwa idadi ya watazamaji ni kupima enzi mbili za teknolojia. Mauzo ya kanda hayaokoi hali: wasambazaji hawakuwa wakitangaza hesabu za kuaminika, na nakala za wizi zilizagaa hadi kwenye mabasi.

Tuzo na mataji yana thamani ndogo kuliko yanavyosikika, lakini siyo sifuri. Afande Sele wa Morogoro alitwaa taji la Mfalme wa Rhymes mwaka 2004. Taji hilo linathibitisha kwamba aliwashinda walioshindana naye wakati huo, mbele ya watu, jambo ambalo wengi wanaojiita wafalme leo hawajalifanya. Halithibitishi chochote kuhusu ambao hawakushiriki, wala kuhusu waliokuja baadaye.

Kifo ndicho kinachopotosha hukumu kimyakimya. Mangwair alifariki Johannesburg tarehe 28 Mei 2013, na tangu hapo ni vigumu kumjadili bila huzuni kuingia kwenye alama. Marekani walishakutana na hili: Notorious B.I.G. aliuawa tarehe 9 Machi 1997 akiwa na miaka 24, na albamu yake ya pili ikatoka siku 16 baadaye. Hoja yake inasimama kwenye albamu mbili za studio, na wanaomtetea vizuri hutetea mistari iliyomo humo, siyo albamu ambazo angezitoa. Kanuni iwe hiyohiyo kwa E-Sir. Nimefika, albamu yake pekee, inatosha kumpa alama za juu kwenye uchanaji. Jinsi alivyokaa juu ya biti za Ogopa Deejays, watayarishaji wa Nairobi, kwa Kiswahili kilichochanganyika na Sheng, bila kusikika kama anakimbizana nazo, bado ni somo. Kwenye kazi kwa jumla hawezi kupata za juu. Kusema hivyo si kumvunjia heshima.

Kuhusu kuandikiwa: Big Daddy Kane alimwandikia Biz Markie baadhi ya mistari yake maarufu, na Biz Markie akabaki mtumbuizaji mkubwa. Hilo linawezekana kwa sababu maswali ni manne. Rapa aliyeandikiwa apewe alama zake zote za uchanaji, na za uandishi ziende kwa aliyeandika. Uvumi usioweza kuthibitishwa usihesabiwe.

Orodha nyingi pia hazina mwanamke hata mmoja, na hili halitokani na ukosefu wa mistari. Nazizi alikuwa akichana Nairobi tangu ujana wake kabla hata ya kundi lake la Necessary Noize kuwa jina kubwa. Zay B, Sista P na Rah P walikuwepo Bongo mwanzoni mwa miaka ya 2000, wakati studio ni chache na kupata nafasi ya kurekodi ni vita. Kipengele cha kazi kwa jumla kinawaadhibu walionyimwa nafasi, kwa hiyo yeyote anayetaka haki afanye kipimo cha vesi sita kwanza bila majina, alama za albamu ziongezwe mwisho. Nina uhakika matokeo yatawashangaza wengi.

Hukumu

Swali la mwisho la mipaka: tunamtafuta rapa wa Afrika Mashariki au rapa wa Kiswahili? Khaligraph Jones ni kati ya wachanaji wenye uwezo mpana zaidi kwenye ukanda huu, na pumzi yake haina wapinzani wengi, lakini sehemu kubwa ya kazi yake ni ya Kiingereza. Kwenye shindano la kwanza yuko mbele kabisa. Kwenye la pili anapimwa kwa vesi zake za Kiswahili na Sheng tu, na anashuka. Kalamashaka wa Dandora ni kinyume chake: mwishoni mwa miaka ya 1990 walionyesha kwamba Nairobi inaweza kuchana lugha ya mtaa wake na kusema mambo mazito, na athari yao ni 10 kati ya 10, ila ni kundi la watu watatu na shindano ni la mtu mmoja.

Kwa Kiswahili, wanaobaki kwangu ni Sugu, Professor Jay na Fid Q. Sugu ana hoja ambayo vijana huipuuza: alitoa albamu za rap ya Kiswahili mfululizo wakati wengine walikuwa bado wanajaribu Kiingereza, na akathibitisha kwamba mtu anaweza kuishi kwa kazi hiyo. Mistari yake ni ya moja kwa moja, haina mafumbo mengi, na hapo ndipo anapopoteza alama.

Professor Jay anapata jina kwa mgawanyo wangu. Kwenye Machozi, Jasho na Damu ya 2001 alifanya jambo ambalo halikuwa limefanywa kwa kiwango hicho: aliingiza wahusika. Ndani ya Ndiyo Mzee hatuambiwi kwamba wanasiasa ni waongo. Tunamsikia mgombea akimwaga ahadi na umati ukimwitikia, na msikilizaji anajikuta amesimama kwenye mkutano ule. Hadithi ya namna hiyo ilieleweka na mtu wa miaka 60 ambaye hakuwahi kusikia habari za Harlem. Kisha alirudia ubora huo kwenye albamu za 2003 na 2006, kwa hiyo kazi kwa jumla hakuna shaka. Vina vyake, ukivipigia mstari, vingi ni vya daraja la kati. Matamshi yake ni safi kuliko ya karibu wote waliomfuata: hakuna neno unalolazimika kurudia kusikiliza.

Fid Q anamzidi kwenye uandishi, na simpi nafasi ya pili kwa kumdharau. Mistari yake inahitaji kusikilizwa mara tatu, na mara ya tatu inakulipa. Kinachompunguzia ni athari: amezalisha waandishi makini, lakini Professor Jay aliongeza idadi ya watu wanaosikiliza rap kabisa.

Anayetaka kuipindua hukumu hii ana njia mbili za wazi. Atetee kwamba uandishi upewe alama 50 au zaidi, naye Fid Q anapita bila ubishi. Au alete vesi sita za mtu mwingine, mbili zikiwa nimechagua mimi, tukae na kalamu.